Mwanangu anarudi kutoka Muscat: atawekwa karantini? Na nani atalipa?

Swali: Asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Kisauni, umri wangu miaka 63. Mwanangu anafanya kazi Muscat. Machi 2020 alirudi na zile ndege za mwisho mwisho, akachukuliwa uwanjani moja kwa moja hadi bwenini. Tuliambiwa siku 14, zikawa 28, na kila siku alidaiwa shilingi 2,000. Sasa mdogo wake anaoa, na yeye amepewa likizo ya wiki tatu tu. Kila nikisikia redioni kuna ugonjwa mpya, moyo unanienda mbio. Ukizuka mwingine watamfungia tena? Hawezi kukaa karantini hapa kwangu, nina chumba cha uani? Ana haki ya kukataa? Na gharama ni za nani? Nataka nijue mapema, maana harusi ikiisha tu mimi naondoka kwenda Mumbai kutibiwa goti.

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Kwa umri tu rika moja, basi nitakujibu kama tulioketi barazani. Nimefanya kazi ya afya ya bandari zaidi ya miaka thelathini, Kilindini na kwenye uwanja wa ndege wa Moi, na swali la mwanao nimeulizwa na wazazi wengi tangu 2020. Lakini ile sentensi ya Mumbai, uliyoitupa mwishoni kama mtu anayeaga, ndiyo iliyonifanya nivae miwani nisome tena. Nitaifikia.

Kwa leo, mwanao hana karantini inayomngoja. Kenya iliondoa karantini ya COVID-19 Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ile ya kimataifa imekwisha. Hata mpox, ile iliyoitwa zamani ndui ya nyani, haikurudisha mabweni. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa mwisho wa Julai 2024, msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta, na wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, ikatangazwa dharura ya kimataifa. Mipaka haikufungwa kwa ajili hiyo. Watu walipimwa joto, wakaulizwa walikotoka, wakapita.

Kwa hiyo ukisikia "ugonjwa mpya", usimpigie mwanao simu usiku wa manane. Jiulize kwanza: ugonjwa huu unaambukiza kabla mtu hajaona dalili yoyote? COVID ilikuwa hivyo, ndiyo maana tukamtenga kijana mzima asiyekohoa wala kuumwa kichwa. Mtu mwenye Ebola haambukizi mpaka aanze kuugua, kwa hiyo aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa, hupimwa joto kila siku, na akipata homa tu ndipo mbio zinaanza. Magonjwa ya aina ya kwanza ndiyo yanayofunga viwanja vya ndege. Ya aina ya pili hutisha zaidi masikioni, lakini msafiri wa kawaida huguswa nayo kidogo.

Na hapa nitenganishe maneno mawili ambayo hata maafisa wenzangu huyachanganya mbele ya vipaza sauti. Mgonjwa, au aliyepimwa akakutwa na kijidudu, anatengwa. Mzima ambaye huenda amekutana na ugonjwa, huyo ndiye anayewekwa karantini. Wawili hawa hawafai kulala chumba kimoja, na ukiona wamelazwa pamoja, piga kelele.

Sasa zile siku 28. Najua zilikuuma, na wengi hadi leo wanaamini zilikuwa njama ya kukamua watu. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa, ila nyumba ndiyo iliyoharibu. Siku za karantini zinahesabiwa tangu mara ya mwisho ulipokaribiana na mwenye ugonjwa, au ulipotoka mahali penye ugonjwa, na zinakwisha pale unapokwisha muda mrefu kabisa ambao kijidudu kinaweza kujificha mwilini kabla ya kujionyesha. Kwa COVID walihesabu 14. Ebola na ndugu yake Marburg ni 21. Homa ya manjano ni 6, na hiyo sita uishike mkononi, tutaihitaji. Watu wa zamani hawakujua kijidudu ni nini, wakahesabu kwa kukisia: mji wa Dubrovnik mwaka 1377 ulianza na siku 30, baadaye miji ya pwani hiyo ikazifanya 40, na hiyo arobaini ya Kiitaliano, quaranta, ndiyo iliyozaa neno karantini.

Chukua basi bweni la vyumba vinane, choo kimoja mwisho wa ukumbi, na foleni ya chakula saa moja usiku. Siku ya kumi na mbili mmoja wao anapimwa, jibu linarudi anacho. Wenzake wote wamepanga naye foleni jana, wengine wameazimana chaja ya simu. Kwa hesabu ya kitabu, jana ndiyo siku yao ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2020, vituo vilivyopata wagonjwa viliongezewa siku 14 nyingine. Mwanao pengine hakuwa na kitu tangu anateremka ngazi za ndege, lakini hesabu yake ilirudishwa mwanzo na mtu aliyekutana naye humo humo ndani, mahali alipopelekwa ili asikutane na mtu. Lilikuwa kosa la mpangilio na sitalitetea, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa upande wa waliovaa aproni.

Ndiyo maana nikimwona kijana wa Mombasa anasafiri wakati wa mlipuko, simuulizi ana pesa ngapi. Namwambia: wakikupeleka popote, dai chumba chako na choo chako. Ukikosa choo, kula peke yako, usikae na wenzio chumba kilichofungwa madirisha, na andika kwenye simu kila siku ulikaribiana na nani na kwa muda gani. Nimeona daktari akimtoa mtu siku ya kumi na nne kwa sababu ya daftari la namna hiyo, huku jirani yake wa mlango wa pili akibaki, kwa kuwa hakuweza kueleza alikuwa wapi usiku wa Jumanne.

Kuhusu chumba chako cha uani, sheria yetu iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya mwaka 1921, ya enzi za wakoloni kabisa, lakini kifungu chake cha 27 kimeandikwa kwa akili. Kinamzungumzia mtu aliyekutana na maambukizi ambaye anaweza kuwa anayaatamia mwilini, na ambaye mahali anapoishi hapatoshi kuzuia ugonjwa usienee. Mtu huyo ndiye anayeweza kuhamishwa kwa nguvu. Kwa hiyo swali la kwanza la sheria linahusu nyumba: inatosha au haitoshi? Juni 2020 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwahudumia nyumbani hata wale waliokwisha kupatikana na COVID lakini hali zao ni nyepesi. Kama mgonjwa aliruhusiwa nyumbani, mzima mwenye chumba kizuri ana hoja nzito zaidi.

Lakini chumba kizuri ni kipi? Nilitumwa mwaka huo kukagua nyumba moja Majengo. Kijana ametoka safari, wazazi wamemwandalia chumba, godoro jipya, dirisha linatazama nje, mlango una komeo. Nikaona nimekuta watu wanaoelewa. Nikakaa dakika kumi sebuleni najaza fomu, na katika dakika hizo watoto watatu waliingia mle chumbani, mmoja baada ya mwingine, bila kubisha. Friji ya nyumba nzima ilikuwa mle ndani! Aprili, joto la Mombasa, kila mtu anataka maji baridi. Bibi mwenyewe aliingia akatoka na jagi la juisi ya ukwaju, akanikaribisha gilasi. Nilikunywa, siwezi kudanganya, kisha nikawaambia friji itoke au kijana atoke. Ilibebwa na watu wanne ikapita mlangoni kwa shida, ikakaa ukumbini kando ya kochi.

Kwa hiyo kabla mwanao hajaja, ingia kwenye hicho chumba cha uani ukitazame kwa jicho la afisa. Kina dirisha linalofunguka? Choo cha uani anakitumia nani mwingine, wapangaji? Kama ni cha pamoja, aweze kukitumia mwisho na kukimwagia dawa kabla mwingine hajaingia, la sivyo hakitoshi. Nguo zinaanikwa wapi, na ili kufika kwenye kamba watu hupita mbele ya mlango wake? Chakula kitawekwa juu ya kigoda nje ya mlango, mtu aondoke, ndipo yeye afungue. Na kubwa kuliko yote: nyumba yetu ya Kiswahili haina mlango mmoja wa kufunga. Mtu akirudi kutoka Arabuni, mtaa mzima unakuja kumpa mkono na kuona alicholeta. Ukishindwa kuwaambia shangazi zake wasubiri, bora akae hotelini. Wewe unajijua, mimi siwezi kukujibia hilo.

Ana haki ya kukataa? Swali hili niligawe mara mbili. Kuingia nchini kwake hawawezi kumnyima, kwa kuwa Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuingia na kukaa Kenya. Machi 2020 wageni walizuiwa, raia na wenye vibali vya kukaa wakapokewa. Lakini kuingia ni jambo moja, na kwenda moja kwa moja nyumbani ni jingine. Haki ya kutembea inaweza kupunguzwa kwa sheria, kwa kiasi na kwa sababu ya haki. Kanuni zilizotangazwa Aprili 2020 chini ya ile Sura ya 242 ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, kwa mwenye kuzivunja. Kuruka ukuta wa kituo ni kujitafutia kesi juu ya karantini.

Kudai utaratibu, hiyo ni haki yake kamili. Kifungu cha 27 hakimpi afisa wa afya ruhusa ya kumkamata mtu kwa neno la mdomo. Kinataka cheti kilichotiwa saini na afisa wa tiba, na amri ya hakimu. Na anapopelekwa pasiwe jela. Mwaka 2010 wagonjwa wawili wa kifua kikuu walioacha dawa walitupwa gereza la Kapsabet kwa kutumia kifungu hiki hiki, eti gerezani ndiko kwa kutengwa. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na Machi 2016 mahakama ikasema kuwafunga gerezani kulivunja Katiba, kwamba kutenga ni tiba na mahali pa tiba si jela. Hukumu hiyo naithamini sana, maana kabla yake niliwahi kumsikia bosi mmoja akisema msafiri mkaidi dawa yake ni seli.

Kwa hiyo wakimwambia "panda gari", aulize kwa adabu apewe maandishi: sababu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, mahali, na jina la afisa. Tarehe ya kumaliza ndiyo inayosahaulika kila mara. Siku ambayo haikuandikwa huongezeka.

Na kwa upande wa dini, dada, hakuna geni kwetu. Hadithi ya tauni tuliisoma madrasa: mkisikia iko katika nchi msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Wazee waliokwenda Hija kwa meli, wakiingia Bahari ya Shamu kutoka kusini, walijua kisiwa cha Kamaran, ambako Waturuki walijenga kituo cha karantini mwaka 1882. Mahujaji waliteremshwa, nguo zikafukizwa, siku zikahesabiwa, ndipo safari ikaendelea. Babu zetu waliingia Makka kwa njia hiyo, wakirudi wanalalamika juu ya maji ya kule kuliko juu ya karantini yenyewe.

Pesa sasa, na hapa nitasema yaliyoandikwa kisha yaliyotendwa, maana hayafanani. Kifungu cha 27 kinasema mtu atahamishwa kwa gharama ya serikali ya mtaa, siku hizi tusome kaunti. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na ambazo Kenya inazifuata, katika ibara ya 40 zinakataza nchi kumlipisha msafiri kwa kuwekwa karantini, isipokuwa anayekuja kutafuta ukaazi. Ibara ya 32 inaongeza kwamba apewe chakula na maji ya kutosha, mahali pa kulala, matibabu, njia ya kuwasiliana na watu wake kwa lugha anayoielewa, mizigo yake ilindwe, na mambo ya jinsia na dini yake yaheshimiwe. Kwa mwanao hiyo ni chakula halali, maji ya udhu na simu yenye chaji, na havihesabiwi kuwa hisani.

Yaliyotendwa ni haya. Machi 2020 Kenya ilitangaza waziwazi kwamba wanaoingia watakaa karantini kwa gharama zao wenyewe. Mei, baada ya kelele nyingi, na baada ya kuonekana kwamba watu wanakwepa kupimwa kwa kuogopa bili, serikali ikasema itabeba gharama za vituo vyake. Wala si sisi peke yetu. Aprili 2021 Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha nyekundu, na waliotoka huku wakalipa pauni 1,750 kwa siku 10 za hoteli. Kenya ikalipiza: atokaye Uingereza siku 14 kituoni, kwa pesa zake. Nchi mbili zilizosaini kanuni moja zikaivunja kwa zamu, na msafiri ndiye aliyelipa pande zote. Ushauri wangu hapo ni wa mtu mwoga: aje na akiba ya wiki mbili, akidaiwa alipe huku akiandika kwenye risiti kwamba analipa lakini hakubali, na risiti aihifadhi. Bila karatasi hakuna wakili atakayeishika kesi hiyo.

Mwanao ana wiki tatu. Ukizuka ugonjwa wa aina ile ya COVID, siku 14 zitakula mbili kati ya hizo, kwa hiyo nikaha iwekwe wiki ya tatu, wala si ya kwanza kama mnavyopenda ili awahi kupumzika. Atakayemzuia kwanza atakuwa karani wa shirika la ndege kule Muscat, kwa sababu ndege ikimleta mtu asiye na karatasi zinazotakiwa, mzigo unakuwa wake. Masharti ayasome saa chache kabla ya kwenda uwanjani, kwa maana ya wiki iliyopita yanaweza kuwa yamebadilika, nami mwaka 2020 niliyaona yakibadilika ndege iko angani. Siku 14 kabla ya safari asikae kwenye vyumba vya watu kumi kama wanavyoishi wengi wa vijana wetu kule, ikiwezekana. Na asimeze Panadol ili apite kamera ya joto. Wanaofanya hivyo nimewajua kwa macho, jasho la uso na mikono ya baridi, na akigundulika anapoteza kile kitu pekee kinachomsaidia mtu mbele ya afisa, yaani kuaminiwa. Tangu tarehe 19 Septemba 2025 kanuni za kimataifa zimeongezewa ngazi mpya juu ya ile dharura ya kawaida, inayoitwa dharura ya janga. Ukisikia neno hilo ndipo umpigie simu, hata usiku.

Sasa Mumbai.

Dada yangu, katika nyumba yenu mtu aliye karibu zaidi na karantini ni wewe. India inaihesabu Kenya miongoni mwa nchi zenye homa ya manjano. Wana mbu wa kuieneza lakini ugonjwa wenyewe hawajawahi kuupata, ndiyo maana hawana mchezo nao. Ukifika bila cheti cha chanjo, ndani ya siku sita tangu ulipotoka Kenya, wanakuweka chini ya ulinzi wa afya mpaka hizo siku sita zitimie. Hapo ndipo ile sita niliyokuambia uishike. Ukipitia Dubai ukalala kwa ndugu siku mbili, utabakiwa na nne. Usiwaambie "lakini mimi natoka Mombasa, homa hiyo iko mbali na pwani". Ni kweli, hata wataalamu huwa hawamshauri mtalii anayekaa Mombasa mjini tu achanje kwa ajili ya usalama wake, lakini wao wanatazama pasi, na pasi imeandikwa Kenya. Miadi yako ya daktari wa goti itapita ukiwa kitandani kwa watu wa karantini, na hospitali haitakurudishia nafasi.

Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Nimewaona watu uwanjani wana kadi mpya, wino bado unanuka, wamechanjwa juzi, nao wakarudishwa. Chanjo hutolewa na ofisi za Afya ya Bandari, kadi ni ile ya rangi ya manjano, na jina liwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, majina yote matatu. Sisi huku tuna tabia ya kumwandika mtu "Mama Fulani" au kukata jina la babu, mle haikubaliki. Hakikisha pia muhuri na saini vipo kabla hujaondoka dirishani.

Lakini usikimbie kuchanja kesho asubuhi. Hiyo ni chanjo ya kirusi kilicho hai, kilichodhoofishwa, na kwa anayechanjwa mara ya kwanza akiwa amevuka miaka 60, hatari ya madhara makubwa ni ndogo lakini imepanda kuliko kwa kijana. Mwone daktari wako kwanza, umwambie dawa zote unazokunywa, hasa hizo za goti kama zimo za steroidi, umwambie kama una mzio mkali wa mayai, na kama uliwahi kuugua tezi la kifuani, lile madaktari wanaloliita thymus, au ugonjwa wa kinga. Akiona haikufai, akuandikie barua yenye sababu kwa Kiingereza, na mhuri. Kanuni za kimataifa zinawataka wanaokupokea waizingatie barua hiyo, ingawa uamuzi unabaki kwao, kwa hiyo ulizeni ubalozi wa India kabla ya kulipa tiketi.

Na kabla ya hayo yote, fungua kabati. Je, uliwahi kwenda Hija au Umra? Kama ulikwenda, kuna uwezekano mkubwa ulichanjwa, kwa kuwa Saudia nao huidai kwa watokao Kenya. Kadi hiyo hata ikiwa imeandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10, na miaka hiyo imepita zamani, bado ni halali. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha yote ya mwenye nacho, cha zamani na cha sasa. Mara nyingi naikuta imekunjwa ndani ya pasi ya zamani, ile iliyokatwa pembe, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na picha za Madina. Ukiipata, tazama jina na muhuri, uipige picha umtumie mwanao ahifadhi kwenye simu yake, na yenyewe uitie ndani ya pasi mpya leo leo.